Nakala ya Walenisi Iliyobaki Msambweni

Nilikuwa na miaka 12 nilipokutana na Dzombo, na kilichonishtua kwanza si chombo chake cha angani. Ni jina lake. Kwetu Dzombo ni mlima. Ukitoka Msambweni, ukaipita Ramisi na kushika barabara ya Lunga Lunga, utauona upande wa kulia, pamoja na mwenzake Mrima, imejikunyata na misitu yake kama wazee wawili waliojifunika shuka. Nyanya yangu alizaliwa chini ya mlima huo. Ni jina la watu pia, kwetu Wadigo na kwa ndugu zetu wengine wa Mijikenda. Lakini sikuwa nimewahi kuliona katika kitabu cha Kiswahili. Vitabu vyetu vya shule vilijaa akina Juma na Amina, na ukiandika neno lenye d na z zinazofuatana, kalamu nyekundu ilikuwa inakusubiri. Kiswahili hakina dz, tuliambiwa. Andika Jombo.

Basi nafungua kitabu, na mtu anayerushwa angani anaitwa Dzombo. Dz kamili, imepigwa chapa. Niliendelea kusoma kwa sababu hiyo tu, kuona kama wataisahihisha mbele. Hawakuisahihisha.

Kitabu ni Walenisi cha Katama Mkangi, kilichotolewa na East African Educational Publishers mwaka 1995. Kwa asiyekijua: Dzombo amehukumiwa kifo. Wanaomhukumu hawamnyongi wala hawampigi risasi. Wanamtia katika chombo cha angani na kumrusha, aende asirudi. Yeye anafaulu kukitawala chombo, na badala ya kufa anajikuta katika sayari iitwayo Walenisi, ambako hakuna bwana wala mtwana, wala mtu anayekula jasho la mwenzake. Huko anatembezwa, anaelezwa, anauliza, anashangaa, na kila anachokiona kinamfanya atazame upya alikotoka. Mwisho wake sitausema. Sababu nitaifikia.

Kitabu chenyewe hakikuwa changu. Kilikuwa cha Mwalimu, aliyepanga chumba uani kwetu tangu nikiwa darasa la tatu. Alikuwa mtu wa bara. Ndivyo tulivyosema, "mtu wa bara", kana kwamba bara ni kijiji kimoja chenye kisima kimoja. Alifundisha shule ya msingi ya jirani, alipenda samaki wa kupaka hadi nyanya akamwambia sasa umeshakuwa Mdigo, na alikuwa na katoni ya vitabu ambayo kwangu mimi ilikuwa maktaba. Sheria yake ilikuwa rahisi: ukirudisha kimoja na kukieleza kwa maneno yako, unapewa kingine. Walenisi nilipewa Agosti 1997, shule zikiwa zimefungwa.

Usiku wa tarehe 13 mwezi huo, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Wengi wenu mnaijua habari hii, na wasioijua waitafute, maana Tume ya Jaji Akiwumi iliisikiliza kwa kirefu. Askari waliuawa na bunduki zikachukuliwa, vibanda vikachomwa, karatasi zikasambazwa zikiwataka wabara wahame Pwani. Fujo zikashuka hadi Ukunda na Diani. Waliouawa walizidi 100, na waliokimbia makwao walikuwa maelfu kwa maelfu, miezi michache tu kabla ya uchaguzi wa Desemba. Niliyoyaona mimi kwa macho yangu ni machache. Nilimwona Mwalimu akitoka chumbani kabla ya alfajiri na mifuko miwili. Nilimwona nyanya akimshika mkono.

"Vitabu nitavifuata, mama."

"Nenda salama mwanangu. Vitabu havili ugali, vitakaa."

Hakuvifuata. Na mimi nilikuwa na kimoja mkononi ambacho sikuwa nimekimaliza, wala mtu wa kumweleza sikuwa naye tena.

Ndipo akaingia binamu yangu. Alikuwa na miaka 17, ameacha shule kwa karo, anashinda pwani ya Diani akiwatafutia watalii mashua za kwenda mwambani. Watalii wenyewe baada ya Agosti hawakuwako. Hoteli zilikuwa tupu kama shule za likizo. Kwa hiyo jioni alikuwa nyumbani, amechoka kwa kutofanya kazi, na mimi nikamsomea Walenisi mbele ya koroboi, kurasa kumi leo, kumi kesho. Alichekelea sana jina. "Dzombo! Na huyo wa kutoka Lunga Lunga anaendesha ndege!"

Hebu niseme neno kuhusu chombo hicho, kwa sababu ndicho kilichotukamata, na nadhani ndicho kinachowakamata vijana wengi wanaokisoma kitabu hiki. Watu wa mbali wanaweza kuona roketi katika riwaya ya Kiswahili kuwa ni mapambo ya kuazima. Lakini roketi hazikuwa ngeni Pwani. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa lao baharini, San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 satelaiti zilirushwa kutoka hapo. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 na ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu. Satelaiti ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei ya nyota iliondokea mbele ya wavuvi wa Ngomeni. Mkangi ni mtu wa Ribe, si mbali na huko. Sisemi alikaa ufukoni akiitazama ikipaa. Nasema tu kwamba kwa mtu wa Pwani, kitu cha chuma kinachonguruma na kupotelea mawinguni kilikuwa habari ya nyumbani, na wote walijua pia kwamba kina wenyewe, na kwamba hao wenyewe si sisi.

Anachofanya Mkangi ni kukigeuza. Chombo kinachosifiwa kwa maendeleo anakifanya kitanzi. Hapo, kwangu, ndipo riwaya inaposimama juu ya nyingi za aina yake. Serikali inayoua kwa kurusha angani haina maiti wa kuzika, haina kaburi la watu kukusanyika, na inaweza hata kujisifu kwamba imefanya jambo la kisayansi. Mkangi aliwahi kuwekwa kizuizini bila kesi, mwaka 1986, katika msako wa waliodaiwa kuwa Mwakenya. Mtu aliyeondolewa hivyo, jana alikuwa darasani akifundisha sosholojia na leo hayupo wala hakuna mashtaka, hahitaji kuelezwa maana ya kutupwa nje ya dunia. Wengine wakisoma mwanzo wa Walenisi wanasema ni fantasia. Mimi naona umeandikwa kwa mkono wa mtu aliyeshuhudia.

Nyanya alikuwa na maoni yake. Alitusikiliza akiwa amelala, tukidhani amelala, na siku ya tatu akauliza: huyu anayepaa, amepaa na nani? Hakuna, nyanya, peke yake. Akakaa kimya. Kisha akasema aliyewahi kupaa alikwenda na Jibrili, na huyu wenu asipokuwa na wa kumshika mkono atapotea. Miraji tulikuwa tukiisikia kila Rajabu msikitini, mbingu moja baada ya nyingine, mlango unabishwa, wenyeji wanauliza nani huyo. Siyalinganishi mambo hayo mawili, na nyanya angenikemea. Lakini ndiyo masikio tuliyomsomea nayo Dzombo. Msafiri anayefika mahali pa juu, akapokelewa na mwenyeji wa kumwonyesha yaliyomo, hatukumwona mgeni hata kidogo.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoona kuwa Mkangi ana babu mwingine, wa karibu zaidi. Kusadikika ya Shaaban Robert ni ya mwaka 1951: nchi inayoelea angani, na mshtakiwa, Karama, amesimama mbele ya wakubwa akijitetea kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa pande sita, wakarudi na mawazo mema, wakaadhibiwa kwa ajili ya mawazo hayo. Viweke vitabu hivi viwili kando kwa kando uone. Karama anazungumza, na baraza, pamoja na ubaya wake wote, linamsikiliza hadi mwisho. Shaaban Robert bado aliamini kwamba ukiipanga hoja vizuri, mbele ya mtawala, itapita. Dzombo anakutana nasi hukumu ikiwa imeshakatwa. Kwa miaka 44 kati ya kitabu kimoja na kingine, tulipata uhuru, tukapata vizuizi, na mwandishi hana tena baraza la kulihutubia. Mtu wake anapaswa kwanza kuondoka duniani ndipo apate wa kuzungumza naye kama mtu. Sijui maelezo mazuri zaidi ya njia tuliyopita kuliko pengo hilo.

Sasa nirudi kwenye koroboi.

Mwalimu alikuwa na tabia ya kuandika vitabuni kwa penseli, mwandiko mdogo wa kulalia kulia. Sehemu kubwa sikuwa nikiijali. Kwangu Walenisi lilikuwa jina la sayari tu, kama Zuhura au Mirihi, na nililitamka haraka kama jina la kijiji. Lakini ndani, kwenye ukurasa wa jina la kitabu, Mwalimu alikuwa amelikata neno kwa mistari miwili ya penseli: Wale / ni / si, na mbele yake akamalizia kiungo kilichobanwa: sisi. Nililiona usiku mmoja mwishoni mwa Agosti. Nikamwonyesha binamu yangu. Wale ni sisi. Nilifurahi kama mtu aliyefumbua kitendawili, na kwa kweli nilikuwa nimekifumbua.

Yeye hakucheka. Aliitazama ile penseli, akajua ni ya nani.

"Wale ni wale," alisema.

Sikumjibu. Nilikuwa na miaka 12, yeye alikuwa mkubwa wangu, na maneno hayo siku hizo yalisemwa na watu wazima barazani bila kushusha sauti. Tena yalikuwa na sababu zake: ardhi ya ufuo ilikuwa na hati za watu wasiotujua, kazi za hoteli zilikuwa na majina ya mbali, na mtu wa Diani alibaki kuuza madafu nje ya ukuta. Hayo ni kweli na yamebaki kuwa kweli. Ila wenye hati za ufuo hawakulala usiku ule wakisikiliza hatua nje ya mlango. Aliyelala hivyo ni Mwalimu, aliyekuwa akitulipa kodi ya chumba cha udongo na kunisahihishia hesabu bure. Haya naweza kuyapanga leo. Usiku ule nilifunga kitabu tu.

Wiki chache baadaye msako ukafika kijijini. Waliokuja na malori hawakuuliza nani alifanya nini. Waliuliza nani kijana na nani Mdigo. Binamu yangu akachukuliwa pamoja na wengine, akarudi baada ya siku 19 akiwa na sikio moja lisilosikia. Hatukusoma tena. Siku moja tu, tukiwa shambani, alisema bila kunitazama: "Kule ndani wote walikuwa wanatuita nyinyi watu." Halafu akaendelea kukwea mnazi.

Nimesoma uhakiki kadhaa wa Walenisi, na wengi hugombania swali lile lile: je, ni riwaya au ni mhadhara? Mimi sitakwepa. Ni mhadhara, sehemu kubwa. Katika kumbukumbu yangu kitabu kizima kilikuwa chombo cha angani, hofu na giza, na nilipokirudia nikiwa mtu mzima niligundua kwamba nilikuwa nimekumbuka mlango nikasahau nyumba. Nyumba yenyewe ni mazungumzo. Dzombo anauliza, anajibiwa, na majibu ni ya profesa. Wenyeji wa Walenisi wana hekima tele, lakini sijawahi kumsikia mmoja wao akitania kama watu wanavyotaniana kwenye kivuko cha Likoni gari likikwama. Jamii yote imekwisha kubaliana. Nadhani hili ndilo tatizo la kila nchi njema iliyowahi kuandikwa, tangu Utopia ya Thomas More mwaka 1516: mgeni anapofika, kazi ngumu imeshafanywa, na linalobaki ni kutembezwa.

Lakini kasoro ninayoiona mimi ni nyingine, na siioni ikitajwa. Sayari ile haina binamu yangu. Haina mtu aliyesema wale ni wale kwa kinywa chake, akiwa na sababu nusu za haki, kisha akalazimika kuishi na kinywa hicho. Jina la kitabu linamwahidi msomaji safari kutoka "wale" hadi "sisi". Mkangi anatuonyesha kituo cha kuondokea, kwa uchungu wa ajabu, na anatuonyesha kituo cha kufikia, kwa maelezo marefu. Njia ya katikati, ambako mtu hutafuna maneno yake mwenyewe, inapitwa angani kwa kasi kubwa. Wamitila katika Bina-Adamu! na Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka, miaka michache baadaye, walikwenda na mizuka na safari zao za ajabu, lakini wakaacha uchafu uonekane, na ndiyo maana vitabu vyao vinasomeka leo kwa shaka inayotufaa. Mkangi hakuwa na muda wa shaka. Alikuwa na haraka.

Na haraka hiyo naiheshimu. Mwaka ule ule wa 1997, wakati karatasi za "wale" zilikuwa zingali zikiokotwa Likoni, aliyeandika kwamba wale ni sisi aligombea urais wa Kenya kwa tiketi ya Kenya National Congress. Ndiyo, jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura, mtu wa Ribe, mwandishi wa riwaya ya anga. Hakufikisha hata kura moja katika kila mia. Nilikuwa sijui. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu aliyeandika kitabu kilicho chini ya mto wangu anaomba kura za nyanya. Nyanya alipiga kura Desemba ile, na hakuwahi kutuambia alimpa nani. Mkangi alifariki mwaka 2004 kwa ajali ya barabarani, akiwa ametuachia riwaya tatu: Ukiwa, Mafuta na hii.

Katoni ilikaa chini ya kitanda miaka minne. Mvua za mwaka ule wa El Niño zililowesha sakafu, kisha wakaja mchwa. Tulipoitoa nje, vingine vilikuwa vumbi. Walenisi ilikuwa imepona, isipokuwa kurasa za mwisho, zilizoliwa kwa umbo la nusu mwezi hadi hakuna sentensi nzima. Na mimi, kwa sababu ya yale yaliyotokea, nilikuwa sijazisoma. Kwa hiyo kwa miaka yote ya ujana wangu Walenisi kilikuwa kitabu kisicho na mwisho. Nilimtungia Dzombo miisho mingi. Katika mmoja anarudi, anashuka juu ya mlima wa jina lake, watu wa Mwangulu wanadhani ni Wazungu wa madini. Katika mwingine habanduki kule, anaoa, anasahau. Nikiwa chuo nikapata nakala nzima kwa muuza vitabu vya mitumba Mombasa, nikaufikia mwisho wa Mkangi, na lazima nikiri ulikuwa wa maana kuliko yangu yote. Siutaji kwa sababu nimeishi bila huo miaka mingi na nikaona kitabu bado kinafanya kazi. Msomaji mpya anastahili angalau wiki moja ya kutojua.

Binamu yangu alipata kazi mwishowe, si hotelini. Alikuwa dereva wa tingatinga katika mgodi wa titani wa Maumba na Nguluku, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Mchanga ule mwingi huishia kuwa rangi nyeupe ya kuta, lakini titani yenyewe hutengenezewa pia viungo vya ndege na vyombo vya angani. Nilimwambia hivyo tukila, upande wa sikio lake zima. Nikamwambia labda kuna kipande cha Nguluku kinazunguka juu sasa hivi. Alifikiri kidogo. "Na yule Dzombo," akauliza, "alirudi?"

Nilimwambia asome mwenyewe. Nilimpa nakala nzima. Ile ya mchwa nimebaki nayo. Kwenye jalada la ndani kuna jina la Mwalimu kwa wino wa buluu, jina la shule aliyofundisha kabla ya kuja kwetu, na chini yake neno moja ambalo aliliandika katika vitabu vyake vyote: Irudishwe. Shule hiyo bado ipo. Nimeitafuta kwenye ramani, ni safari ya siku moja na nusu kutoka Msambweni, na nauli si kubwa.